Mdomo wa Wilf Duxbury

Katika miaka yote ambayo Wilf Duxbury alifanya kazi na watu wa London, hakuna neno aliloambiwa mara nyingi kuliko hili: "Fumba mdomo."

Hawakuwa wakimwambia anyamaze, maana Wilf hakuwa mtu wa kelele. Walitaka aufumbe kweli, kama mtu anavyofunga mlango, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mpana na mwepesi, na ulichezacheza hata pale ambapo hakuna sauti iliyotoka. Mwandishi mmoja wa gazeti la huko aliandika kwamba mchekeshaji huyu wa kaskazini anafanana na samaki aliyetupwa sakafuni. Wilf alilikata gazeti lile vipande vipande, akavitundika kwenye msumari chooni nyuma ya nyumba ya mama yake, vitumike kwa kazi inayovistahili.

Mdomo ule haukuwa wake peke yake. Aliurithi.

Alizaliwa Burnley, mji wa viwanda vya pamba, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulitetemeka mchana kutwa. Baba yake alikwenda vitani Ufaransa na hakurudi. Mama yake, Bi Ada, aliingia kiwandani akiwa bado na nywele za kusukwa mikia, akatoka humo mzee. Katika ukumbi wa kiwanda mashine za kufumia zilipangwa safu kwa safu, zote zikigonga kwa pamoja, na aliyesimama katikati hakuweza kumsikia hata mtu anayempigia kelele sikioni. Basi wanawake wa pale walijitengenezea lugha yao. Walisema kwa midomo mitupu. Kila neno walilitanua, wakalisukuma kwa nyusi na mabega, na mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi akalipata lote bila kupungua herufi. Wenyewe waliiita mimo. Kwa mimo waliulizana hali za watoto. Kwa mimo walimsengenya mnyapara naye amesimama katikati yao anakuna kichwa. Na kwa mimo walipeana habari za mimba, za matumbo na za waume, mambo ambayo hata huko nje penye kimya hawakuthubutu kuyatamka kwa sauti.

Mashine ziliwapa lugha, zikachukua masikio. Wilf alipoanza shule, Bi Ada hakuwa tena anasikia birika likichemka. Alipomwita, alimwita kwa sauti kubwa iliyonyooka kama ubao, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, na majirani wa mtaa mzima wakajua kwamba Wilf hajaosha shingo. Mtoto akajifunza kumjibu kwa mdomo, amemkabili usoni, maneno yote wazi. Hivyo ndivyo alivyopata ufundi wake. Wengine hufundishwa na walimu.

Kuchekesha alianzia kwenye tamasha la kanisa, akiwa kijana wa kiwandani mwenye pamba nyweleni. Alisimama peke yake jukwaani akaigiza wanawake wawili wanaozungumzia upasuaji wa mwanamke wa tatu. Alianza kwa sauti ya kawaida, na kila alipofika kwenye kiungo kisichotajika mbele ya mchungaji, sauti ilizimika na mdomo ukaendelea. Ukumbi mzima ulisoma kila kiungo. Mchungaji, aliyetoka kusini, alicheka kwa adabu bila kujua anacheka nini. Wanawake walilia machozi.

Kutoka kanisani akaenda kwenye vilabu, kutoka vilabuni akaenda Blackpool kwenye kumbi za ufukweni, na Blackpool ndiko alikoonwa na Mzee Birtwell wa Manchester. Mzee huyu alikuwa akitengeneza filamu katika banda lililowahi kuwa zizi la farasi. Siku za mvua farasi wale walirudi kwa harufu. Filamu zake zilitengenezwa haraka na kwa pesa kidogo, na Wilf alikuwa mtu yule yule katika zote: mnyonge anayefokewa. Leo anafokewa na bosi, kesho na sajini, keshokutwa na mama mkwe. Akishafokewa anaangushwa ngazini. Akishaanguka anainuka, anamtazama adui yake mgongoni, na kwa mdomo mtupu anamwambia anachostahili. Hayakuwa maigizo ya mdomo. Yalikuwa maneno kamili, yenye kichwa na miguu. Katika miji ya viwanda watu walikuwa wakienda kuiona filamu moja mara mbili, ya pili kwa ajili ya kuwasomea wageni.

Bi Ada alikaa safu ya mbele siku zote. Filamu zilipoanza kupata sauti, wenzake walifurahi, yeye akaumia, maana maandishi yaliondolewa na waigizaji wakageuka kusemeshana visogo. Mwigizaji aliyebaki kwake ni mmoja tu.

"Yule bwana anasema nini?" jirani yake Bi Florrie humuuliza kwa kumtania, akimwonyesha mwigizaji fulani wa London mwenye masharubu membamba.

"Nitajuaje?" Bi Ada hujibu kwa ile sauti yake, na ukumbi wote husikia. "Yule hana midomo. Anaongea kama mtu anayemficha mbwa kinywani."

Vita vya pili vilipokwisha Mzee Birtwell akafa, zizi likauzwa, na Wilf akabaki na magoti mawili yaliyoharibiwa na ngazi zote zile. Kipupwe kizima alikaa Burnley kwa mama yake bila kazi. Ndipo ilipokuja simu ya maandishi kutoka London, iliyotumwa na Bwana Selwyn Carrick.

Carrick alikuwa na kampuni yake mwenyewe na filamu zake aliziongoza mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya upole. Alitaka kutengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu mfumaji mzee kiziwi, na mfumaji huyo aigizwe na mwanamume aliyevaa gauni, maana jambo hilo Waingereza wamelicheka tangu zamani. Wilf alipewa maandishi yake akayasoma ndani ya treni. Mwanamke yule hana meno, ananuka, anajibu ovyo kila anachoulizwa, na kwenye kilele cha filamu anatumbukia ndani ya pipa la uji wa wanga unaopakwa nyuzi. Wilf alipofika mwisho aliyafunga, akayafungua kutoka mwanzo. Akayarudia tena. Halafu akatia saini.

Alijiambia kwamba ataitengeneza vizuri akishakuwa ndani. Alijiambia kwamba wakimkosa yeye watampata mwingine, asiyejua hata mfumaji anasimamaje. Alijiambia mengi. Ukweli ni kwamba aliogopa kukaa kipupwe kingine jikoni kwa mama yake.

"Mama," alimwambia aliporudi kuchukua vitu vyake, "niazime shali yako. Ile ya kijivu. Na viatu vyako vya mbao."

Bi Ada alimtazama mdomo. "Vya nini?"

"Vya filamu. Nitakuwa mfumaji."

"Mfumaji!" Uso wa mama ulifunguka. "Hatimaye! Wametuonyesha malkia na malaya miaka yote, leo wametukumbuka sisi." Alikwenda akaifua shali ile, akaipiga pasi, akavipaka viatu rangi hadi vikang'aa kama piano. Alipomkabidhi alimshika kidevu. "Wilf wetu, sikiliza. Mle kiwandani mna vumbi, mna mafuta, lakini mimi sijawahi kutoka nje nikiwa mchafu. Usije ukawaonyesha mfumaji mchafu."

Wilf aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Carrick aliizunguka shali ile mara moja, akacheka kwa upole wake.

"Safi mno, rafiki yangu. Huyu ni mfanyakazi wa kiwandani, si mke wa askofu."

"Ndivyo wanavyovaa, Bwana Carrick."

"Inawezekana ndivyo wanavyovaa. Lakini sivyo wanavyochekesha." Akamwita msichana wa mavazi. "Chukua masizi ya jikoni, ipake hii. Na ichanwe hapa begani."

Msichana aliipaka masizi. Aliichana begani. Wilf alisimama akatazama. Angeweza kusema jambo, na kila siku iliyofuata aliyafikiria maneno ambayo angeyasema, akayapanga vizuri, yakawa makali na ya kuchekesha, lakini asubuhi ile alisimama tu kama mti wa kutundikia koti.

Wakaendelea hivyo. Carrick hakuwahi kupaza sauti. "Legeza uso, Duxbury. Wanawake wenu wana nyuso kama magunia yaliyolowa, niliwaona nilipopita na gari." Au, "Mdomo, Duxbury, mdomo! Fumba. Unawavuruga watu." Wilf aliruka ndani ya pipa la wanga, akatolewa, akaoshwa, akarushwa tena, kwa sababu Carrick alitaka viatu vielee vizuri zaidi. Jioni alikaa katika chumba chake cha kupanga akijikwangua wanga masikioni, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya Carrick peke yake. Kubwa zaidi ilikuwa ya yule mtu aliyemwona kwenye kioo.

Halafu likafika onyesho la kufukuzwa kazi. Mwanamke kiziwi anasimamishwa mbele ya mwenye kiwanda, anaambiwa hatakiwi tena. Haelewi. Anapayuka.

"Hapa sasa ndipo naruhusu ule mdomo wako," Carrick alisema. "Ule uchawi wako wa samaki. Sauti hatuichukui, tutaweka tarumbeta juu yake. Wewe payuka upuuzi wowote."

"Wowote?"

"Wowote unaokujia, rafiki yangu. Nani atakuwa anasikiliza?"

Wilf akasimama mbele ya kamera. Akaunyanyua uso wake, akautanua mdomo, akaanza kusema. Alisema taratibu, neno baada ya neno, kwa nyusi na mabega, kama mtu anayeongea na mwenzake wa upande wa pili wa ukumbi. Carrick alipiga makofi. "Safi sana! Tena! Leteni kamera karibu, nataka mdomo ujaze pazia zima la sinema!" Wakaileta kamera karibu. Wilf akayarudia yale yale, hakuongeza wala kupunguza.

Filamu ilipokamilika, Carrick akaona ni jambo zuri kuionyesha kwanza Burnley. Magazeti hupenda vitu vya namna hiyo: mwana wa mji amerudi. Ilikuwa ni Ijumaa moja ya majira ya joto, wiki moja kabla mji haujafunga viwanda na kuhamia Blackpool kupumzika, kwa hiyo watu walikuwa na furaha na mashati mapya. Ukumbi ulipanga maonyesho mawili kwa jioni hiyo, na kila kiti kiliuzwa. Carrick alikuja na ua kwenye koti. Bi Ada alikuja na kofia yake ya kanisani, akaketi safu ya mbele, Bi Florrie ubavuni mwake.

Wilf alisimama pembeni mwa ukumbi, gizani, akawatazama watu badala ya filamu.

Mfumaji alipotokea mara ya kwanza, amekunja mgongo, shali imechanika, watu walicheka kwa sababu ni Wilf. Kisha kicheko kikapungua. Alipokula utumbo wa ng'ombe uliotiwa siki, kwa mikono, hadi siki ikamtiririka kwenye viwiko, kilikuwa kimebaki kwa vijana wa nyuma. Alipoingia ndani ya pipa la wanga, hakuna aliyecheka. Ukumbi ule, uliojaa watu waliopaka nyuzi wanga maisha yao yote, uliangalia viatu vya mbao vikielea. Wilf aliona kofia ya mama yake. Haikutikisika.

Tarumbeta ikalia. Mdomo wa Wilf ukajaza pazia.

"Jina langu ni Ada," mdomo ule ulisema. "Masikio yangu yamefumwa ndani ya mashuka mnayolalia. Sina haja na kazi yenu, nilikuwa na haja na masikio yangu. Na huyu bwana mnene aliye nyuma ya kamera, anayenifundisha kuwa mjinga, hajawahi kuvaa shati wala chupi ambayo haikupita mikononi mwa mwanamke kama mimi. Mvueni nguo zetu, tuone atamcheka nani."

Kisha Bi Florrie akapiga yowe. "Chupi! Kasema chupi!" Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti, wanawake wakakumbatiana, wazee wakagonga sakafu kwa viatu hadi mwanga wa pazia ukatetemeka. Hata wimbo wa taifa ulipopigwa mwishoni, kama desturi ya kumbi za filamu, nusu ya watu walishindwa kusimama wima kwa kucheka.

Carrick alimshika Wilf bega, macho yamemjaa machozi ya furaha. "Unaona? Nilikuambia. Ni ile tarumbeta!"

Wilf alitoka nje kwa mlango wa pembeni akiwa amenyooka mgongo kwa mara ya kwanza tangu kipupwe. Alimkuta mama yake kwenye kichochoro, amesimama peke yake chini ya taa, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Akamwendea akitabasamu.

"Umesoma, Mama?"

Bi Ada alimtazama mdomo hadi ulipoacha kutabasamu.

"Nimesoma," alisema, na sauti yake ikagonga kuta zote mbili za kichochoro. "Kila mtu kasoma. Isipokuwa yeye."

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze sauti! Mwone. Ndiyo hiyo shida yako yote." Akamkaribia. "Nani aliipaka shali yangu masizi?"

"Ni yeye aliyeamuru."

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa ndani yake. Ilikuwa mabegani mwako, Wilf!"

"Lakini nimemtukana, Mama. Mbele ya kamera yake mwenyewe. Kwa pesa yake mwenyewe."

"Umemtukana kwa lugha ambayo haijui. Hongera. Hapa Burnley tumecheka. Na kesho kutwa huko London? Huko Bristol? Huko wanasoma mimo? Huko watamwona bibi kikongwe mchafu anapanua mdomo kama samaki, basi. Hicho ndicho ulichowapelekea. Umetupa sisi siri, wao umewapa mimi."

Wilf aliegemea ukuta wa kichochoro.

"Mimi nilisema bila sauti kwa sababu mashine zilikuwa na kelele kunishinda," Bi Ada alisema. "Miaka yote ile. Unadhani tulipenda? Wewe huko London kulikuwa na kelele gani? Hakukuwa na kelele yoyote ila ya tumbo lako."

"Tungekula nini, Mama?"

"Tulichokula siku zote. Usinitaje mimi katika njaa yako." Alirekebisha kofia. "Sasa naingia kukaa tena pale pale mbele. Ukiitwa jukwaani, ukanitazama na ukasema kitu, sema ambacho na yule mwenye ua atakipata. Vinginevyo usije nyumbani na viatu vyangu wala bila viatu vyangu."

Akageuka akaingia ndani.

Kabla ya onyesho la pili Carrick alipanda jukwaani mwenyewe. Alisema anawapenda akina mama wa Lancashire, alisema wao ni chumvi ya nchi hii, akasema anaomba makofi kwa Wilf Duxbury. Makofi yakapigwa. Wilf akasogea kwenye kipaza sauti. Chini yake, kwenye mwanga wa jukwaa, aliona kofia ya kanisani na macho yamekazwa kwenye mdomo wake.

"Filamu mtakayoiona," alisema, "ni ya aibu."

Ukumbi ukacheka.

Wilf alishtuka. Akajaribu tena. "Sifanyi mzaha. Nasema ni ya aibu, na aliyeitengeneza anapaswa kuona haya, na mimi pia." Wakacheka zaidi. Alikuwa mnyonge yule yule wanayemjua, anasimama mbele ya bosi, sasa ataangushwa. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwambie, Wilf! Mpe!" Carrick naye alikuwa anacheka, ameshika ua lake. Damu ilimpanda Wilf usoni. Alipiga jukwaa kwa mguu, goti likamsaliti, akayumba, na hapo ndipo ukumbi ulipovunjika mbavu kabisa. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwafundisha watu hawa kwamba hasira yake ni kichekesho. Sasa walikuwa wanamlipa.

Bi Ada hakusikia kicheko. Aliona mdomo wa mwanawe tu, na maneno yaliyokuwa juu yake, na akageuka kuona kwa nini mabega ya watu yanatikisika. Akasimama.

"Nyamazeni!" alisema. Hakuna aliyewahi kusikia sauti kama ile ukumbini mle, sauti pana, isiyopanda wala kushuka. "Mwanangu anaongea!"

Ukumbi ukanyamaza hadi mashine ya filamu ikasikika ikijipasha joto.

Wilf akaongea. Aliisahau mikono yake, akazisahau nyusi. Alisema kwamba mle ndani ya filamu amevaa shali ya mama yake, na kwamba shali ile ilitoka Burnley ikiwa safi. Alisema nani aliamuru masizi na nani alisimama akatazama. Alisema wanawake waliokaa mle walipoteza masikio kwa kuwavika watu wa kusini mashati, na sasa watu wa kusini watalipa tiketi kuwaona hawasikii. "Bwana huyu aliniambia niseme upuuzi wowote kwa kuwa hakuna anayesikiliza," alisema. "Nami nikamtukana kwa mimo, kwa sababu niliogopa. Bwana Carrick, sasa nakwambia kwa lugha yako. Wewe ni mwizi na mtu duni, na mimi nilikuwa kibaraka wako."

"Mabibi na mabwana," Carrick alisema, upole wake umepauka, "ndugu yetu amekunywa kidogo."

"Umekunywa wewe, na hilo tumbo lako!" Bi Florrie alimjibu kutoka safu ya mbele.

Carrick alimsogelea Wilf sikioni. "Hutapata kazi tena popote penye kamera. Utakufa njaa."

"Nitakufa," Wilf alisema ndani ya kipaza sauti, wote wakasikia. "Lakini sifumbi mdomo."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba ukumbi wote ulitoka nje. Haukutoka. Karibu nusu walisimama wakaondoka, wanawake wengi zaidi kuliko wanaume. Nusu nyingine walikuwa wamelipa, wakataka filamu yao, na kutoka nyuma wakaanza kupiga miluzi. Filamu ikawashwa. Wilf akiwa njiani kuelekea mlangoni alisikia kicheko cha kwanza nyuma yake, na kicheko kile alikibeba hadi uzeeni. Carrick alilikata lile onyesho la mdomo baada ya kuelezwa na mtu kilichosemwa mle. Filamu iliyobaki ilizungushwa nchi nzima, na huko kusini watu walicheka sana kwenye pipa la wanga. Wilf hakuitwa na kampuni yoyote tena. Majira ya joto alichekesha Blackpool kwenye ukumbi mdogo wa mwisho wa gati, na kipupwe alipima sukari katika duka la ushirika. Mtu akimwambia, "Wilf, ile ya pipa, nilikufa kwa kucheka," alimpimia sukari yake bila kumtazama.

Lakini jioni ile walitembea nyumbani, yeye na mama yake. Walipofika mlangoni Bi Ada aligeuka.

"Shali yangu iko wapi?"

"Iko London. Kwenye stoo ya kampuni."

"Basi kailete."

Jumamosi alfajiri alipanda treni. Mlinzi wa getini alikuwa ameshaambiwa asimruhusu. Wilf alisimama nje ya geti akasema anachotaka, kwa sauti, akarudia, akarudia tena, hadi watu waliokuwa wakisubiri basi wakamgeukia, hadi yule msichana wa mavazi akatoka mbio na furushi lililofungwa kwa kamba, akamtupia mikononi bila kumwangalia usoni. Viatu havikuwemo. Pengine vilibaki ndani ya pipa.

Bi Ada alifungua furushi lile mezani Jumapili asubuhi. Aliinusa shali. Akapitisha kidole kwenye mchaniko wa begani.

"Inanuka sigara za watu," alisema.

Akaweka maji jikoni. Wilf alimgusa mkono. "Mama, leo ni Jumapili." Katika mtaa ule nguo zilifuliwa Jumatatu. Mwanamke aliyeanika nguo Jumapili alisemwa hadi Krismasi, na hata makafiri wa mtaani hawakuthubutu. Bi Ada aliusoma mdomo wake vizuri, kisha akaendelea kumimina maji. Alifua hadi maji yakawa meusi, akayamwaga, akafua tena. Watu walipokuwa wanatoka kanisani wamevaa kofia zao, alitoka uani na shali inayochuruzika, akaitandaza kwenye kamba nzima, mchaniko ukiwa upande wa barabarani.

Bi Florrie alitokeza kichwa juu ya ukuta. Alitazama huku na huku, akautanua mdomo wake, na kwa mimo, bila sauti hata kidogo, akamwambia: "Ada! Leo Jumapili, shoga! Watu wanaona!"

Bi Ada alibana kibanio cha mwisho. Kisha akamjibu kwa sauti.

"Na waone!"

Ng'ambo ya barabara, mchungaji alisikia, akasimama kuitazama shali.